Dubwana Kwenye Karatasi

Maneno haya niliyasema mjini Osaka, mbele ya Waswahili wenzangu wanaoishi huku na wanafunzi wa Kijapani wanaojifunza lugha yetu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, nikiacha tu yale niliyoyarudia.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, hamjambo. Nanyi wanafunzi mliokubali kukaa muda wote huu mkisikiliza Kiswahili bila mkalimani, asanteni sana.

Nimekuja na mabango tisa. Yamelala pale mezani chini ya plastiki, na nawaomba msiyasogelee kwanza. Ni mabango ya sinema za madubwana zilizotengenezwa hapa Japani, na yote yalichapwa wakati sinema yenyewe inaingia ukumbini. Mtu akiingia kwangu akakuta picha ya mnyama anayetema moto ukutani, huniuliza kama nina mtoto mdogo. Huwa namkalisha, namwekea chai, namweleza. Leo nawaeleza nyinyi wote kwa mpigo.

Nianze na neno lenyewe. Wajapani husema kaiju. Silabi ya kwanza ni ajabu, jambo lisiloeleweka. Ya pili ni mnyama. Nilipotaka kulisema kwa Kiswahili nilijaribu zimwi, lakini zimwi letu lina akili za kibinadamu: linasema, linalaghai, hata mke linaposa, na wahenga wanatuambia likikujua halikuli likakwisha. Nikajaribu jitu, lakini hilo ni mtu aliyezidi kimo. Nimebaki na dubwana, kitu kikubwa kupita kiasi ambacho hutisha kwa ule ukubwa wake tu. Gojira, ambaye ulimwengu umezoea kumwita Godzilla, hajui jina la mji anaoukanyaga. Hata jina lake limeungwa kwa wanyama wawili wakubwa, gorira na kujira, yaani sokwe mkuu na nyangumi.

Na tupo mahali pake hasa. Sinema ya pili ya Gojira, ya Aprili 1955, ilimleta hapahapa Osaka, akapigana na dubwana mwenzake aitwaye Angirasu mpaka ngome ya Osaka ikaanguka. Miaka 11 baadaye kampuni ya Daiei ikamleta hapa dubwana Barugon kupambana na kobe mkubwa Gamera, na safari hii mji ukagandishwa barafu. Kampuni ya Toho, iliyomzaa Gojira, ina asili upande wetu huu: mwanzilishi wake, Ichizo Kobayashi, ni yuleyule wa reli ya Hankyu mnayoipanda mkienda Umeda. Jina Toho limefupishwa kutoka Tokyo Takarazuka, na Takarazuka mnaijua, iko mwisho wa njia hiyohiyo ya reli. Kwa hiyo mtu wa Osaka akiniambia mambo ya Gojira ni ya Tokyo, simkubalii.

Sasa njooni mwaka 1954, maana bila mwaka huo karatasi hizi hazisomeki.

Tarehe 1 Machi Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, kwenye bahari ya Pasifiki. Mlipuko ulizidi sana makadirio ya waliouandaa. Mashariki ya pale, nje ya eneo lililopigwa marufuku, kulikuwa na mashua ya Kijapani ya kuvulia jodari, Daigo Fukuryu Maru, yenye wavuvi 23. Walianza kuona mwanga upande wa magharibi kama jua linachomoza kusikostahili. Baada ya saa chache majivu meupe yakaanza kuwadondokea, unga wa matumbawe uliobeba mionzi. Waliyakung'uta kwa mikono mitupu. Waliporudi bandarini Yaizu walikuwa wamebabuka ngozi na nywele zinawatoka. Nchi nzima ikaogopa kula samaki, na jodari wakazikwa ardhini kwa tani na tani. Tarehe 23 Septemba, mtu wa redio wa mashua hiyo, Aikichi Kuboyama, akafariki. Alikuwa na miaka 40.

Sinema ya Gojira iliingia kumbi za Japani nzima tarehe 3 Novemba mwaka huohuo. Nimezihesabu siku: ni 41. Kwetu tungesema arobaini ya marehemu ndiyo kwanza imepita, mikeka haijakunjwa vizuri. Kwa Wajapani, ambao hukamilisha msiba siku ya 49, matanga yalikuwa bado.

Na bango lilisemaje? Juu ya jina la sinema waliandika: suibaku daikaiju eiga. Suibaku ni bomu la haidrojeni. Kwa hiyo mtu aliyepita barabarani wiki ile alisoma, kwa herufi kubwa, kwamba hii ni sinema ya dubwana kuu la bomu la haidrojeni. Maneno hayo hayakufichwa kwenye mafumbo wala kusubiri wahakiki wa miaka 50 baadaye wayachimbue. Yalibandikwa ukutani, mjane wa Kuboyama akiwa bado kwenye msiba. Maneno mengine ya bango hilo yanasema dubwana hili linatema mionzi, nalo limeitumbukiza Japani yote katika hofu. Waliokata tiketi walikuwa milioni 9.6.

Hapo ndipo nilipokamatwa, ndugu zangu. Mimi kama wengi nilimfahamu Gojira kwa kaseti za video, zilizopita mikono mingi mpaka picha ikawa inacheza, nikadhani ni mchezo wa mtu aliyevaa gamba la mpira akivunja nyumba za maboksi. Mpaka nilipofika nchi hii, nikasimama mbele ya bango lile kwenye maonyesho, Mjapani mmoja mtu mzima akanisomea mstari ule wa juu. Alipofika kwenye neno suibaku alishusha sauti.

Mkurugenzi wa sinema ile, Ishiro Honda, alikuwa amerudi kutoka vitani China mwaka 1946 akapitia Hiroshima, akaona kilichobaki. Haikuwa kazi ya mtu anayetaka kuchekesha watoto. Sinema yenyewe ni nyeusi na nyeupe, lakini bango lina rangi. Nawaomba mlizingatie hilo. Mtu wa mwaka 1954 hakuwahi kuona rangi za Gojira popote isipokuwa kwenye karatasi. Wasanii wa Toho walichukua picha za mnato nyeusi na nyeupe, wakazikata, wakazibandika pamoja, wakazipaka rangi kwa mkono, kisha wakazipeleka kiwandani kuchapwa. Wengi wao hawakuweka jina, na mpaka leo naangalia kazi ya mkono wa mtu nisiyeweza kumtaja.

Karatasi hizi hazikutengenezwa zidumu. Zilibandikwa nje ya sinema, kwenye mabafu ya umma, kwa vinyozi na madukani, na mwenye duka akapewa tiketi za bure kwa kuuachia ukuta wake. Wiki zikiisha, bango linabanduliwa au linafunikwa na jingine. Yaliyosalia yalisalia kwa sababu mtu fulani alikataa kutupa: fundi wa mashine ya sinema aliyeviringisha moja akaliweka juu ya kabati, au mwenye bafu aliyetandika droo kwa upande mweupe wa nyuma. Hiyo ndiyo maana ya neno asili katika kazi yetu. Bango la asili ni lile lililokuwa na kazi ya kufanya wiki ile.

Ukubwa wake ndio wa kwanza kujifunza. Bango la kawaida la sinema hapa ni kipimo cha B2, sentimita 51.5 kwa 72.8. Kubwa yake ni B1, mara mbili ya hilo, 72.8 kwa 103. Liko refu jembamba linaloitwa tatekan, ambalo ni B2 mbili zilizounganishwa juu na chini, karibu mita moja na nusu. Na kiko kipeperushi kidogo, chirashi, kipimo cha B5, sentimita 18.2 kwa 25.7, kilichogawiwa bure mlangoni mwa sinema. Ukipewa bango linaloitwa la asili lenye vipimo vya Ulaya au vya Marekani, lirudishe kwa heshima. Lakini msiwe wakali kwa nusu sentimita; mabango ya miaka ya 1950 yalikatwa kwa mashine zisizo na huruma, na hayalingani sawasawa.

Nilidanganywa mara moja, na ilikuwa ghali. Muuzaji wa kwenye mtandao, ambaye simtaji, aliniuzia bango la miaka ya 1960 lililokuwa safi kama limetoka kiwandani asubuhi ile. Nililipenda kwa usafi wake, na hapo ndipo lilipo kosa langu. Siku lilipofika nilichukua lenzi ya kukuzia nikasoma majina ya waigizaji chini kabisa, yale madogo. Kwenye bango la asili herufi hizo ni kali, wino mmoja mweusi, kingo zake zimenyooka. Kwenye hili langu kila herufi ilikuwa imevunjika kuwa nukta za rangi, kwa sababu mtu alipiga picha bango zima, herufi na yote, akalichapa upya. Tangu siku hiyo naanzia kwenye herufi ndogo. Picha huweza kukudanganya, lakini jina la mwigizaji wa nafasi ya nane halina wa kuhangaika kulighushi vizuri.

Kuna na taa ya urujuanimno, ule mwanga usioonekana kwa macho. Karatasi za siku hizi zina dawa ya kung'arisha, na chini ya taa hiyo huwaka buluu. Bango linalosemwa ni la 1954 likiwaka hivyo, moyo wako na upoe. Pini, mikunjo, alama ya gundi pembeni, mimi hivyo sivihesabu kuwa kasoro. Matundu manne kwenye pembe nne ni shahidi kwamba karatasi ilifanya kazi yake. Wako wakusanyaji wanaolipa mafundi wazibe kila tundu na kurudishia rangi mpaka bango lifanane na jipya. Naheshimu fedha zao, lakini mimi huona wanalifuta bango maisha yake.

Sasa jambo linalowachanganya wengi, hata wazoefu: mabango ya marudio. Mwaka 1956 Wamarekani waliikata sinema ya kwanza, wakamchomeka mwigizaji wao Raymond Burr, wakaionyesha kwao. Mwaka uliofuata toleo hilo likarudishwa Japani na kuonyeshwa kwa Wajapani wenyewe, likiwa na bango lake. Jina limeongezewa herufi tatu za Kichina mbele, kaiju-o, yaani mfalme wa madubwana. Mtu asiyejua kusoma herufi hizo ataona Gojira, ataona karatasi kuukuu, atalipa bei ya 1954. Wanafunzi wangu, hapa nyinyi mna faida kuliko mkusanyaji yeyote wa New York. Jifunzeni herufi tatu.

Ninalolitazama zaidi ya yote, nikiyapanga mabango kwa miaka, ni namna hofu inavyobadilika. Mwaka 1962 Toho ilitimiza miaka 30, ikamkodi King Kong wa Marekani, ikampambanisha na Gojira. Ilikuwa mara ya kwanza wote wawili kuonekana kwa rangi na kwenye kioo kipana, na zaidi ya watu milioni 11 walikwenda kutazama. Tazameni bango lake: ni bango la pambano, kama la mieleka. Bomu limekwenda wapi? Miaka minane tu imepita.

Sinema hii ya King Kong ina kisa ambacho kila nikikikumbuka kinaniuma. Kuanzia Desemba 1969 Toho ilikuwa na maonyesho ya likizo za shule yaliyoitwa Champion Matsuri. Kwa tiketi moja mtoto alipata sinema ya dubwana pamoja na katuni na vipindi vya televisheni, na mabango ya maonyesho hayo yamejaa vichwa vya kila mhusika mpaka karatasi inakosa pumzi. Sinema za zamani zilirudishwa, lakini zikafupishwa zisichoshe watoto. Mwaka 1970 ya King Kong ilipofupishwa, mkasi ulipita kwenye negativu yenyewe ya asili, yaani filamu mama ambayo nakala zote hutokana nayo. Vipande vilivyokatwa havikutunzwa vizuri, na kwa miaka mingi sinema hiyo haikuonekana kamili kwa ubora wake. Ilifika 2016 ndipo Toho ilipotoa toleo kamili lililokarabatiwa. Muda wote huo bango la 1962, karatasi iliyopigwa pini kwenye ukuta wa kinyozi, lilikuwa nzima. Tungetarajia filamu ndiyo ihifadhiwe na karatasi itupwe.

Kwa hiyo mtu akiniambia mabango ya Champion Matsuri ni takataka za watoto, simkatalii moja kwa moja, ila namwonyesha la majira ya joto ya 1971, Gojira dhidi ya Hedora. Ndilo bango langu la kwanza kabisa. Nililipata kwenye soko la hekalu la Shitennoji, lile la tarehe 21 ya kila mwezi, limekunjwa mara nne ndani ya gazeti, chini ya rundo la sahani. Mama muuzaji aliniuliza mara mbili kama nina uhakika nalitaka. Hedora ni dubwana la taka: matope ya viwandani na moshi vilivyopata uhai, lenye macho mekundu yaliyosimama wima. Mwaka ule watu wa Yokkaichi walikuwa mahakamani kwa sababu ya pumu iliyoletwa na moshi wa viwanda vya mafuta, na wa Minamata walikuwa wakidai haki kwa zebaki iliyomwagwa katika bahari yao. Na hofu hiyo ikapelekwa kwa watoto, likizo ya shule, katikati ya katuni. Nikaelewa kwamba hofu ya 1954 haikufa. Ilihama kutoka angani ikaingia kwenye bomba la kiwanda, na bango ndilo lililoandika anwani mpya.

Bango hilo lilikuwa na mpasuko pembeni, mrefu kama kidole. Kwa kutojua, nililibandika selotepu kwa nyuma. Sasa pale pana mstari wa rangi ya asali uliopenya mpaka mbele, na hautoki tena. Mkiliona mezani mtauona. Mafundi wa karatasi wa Kijapani, wale wanaotengeneza michoro ya kuning'iniza, hutumia washi, karatasi ya jadi ya Kijapani, na gundi ya wanga wa ngano, ambayo hata baada ya miaka mingi hulainika kwa maji ikatoka bila kudhuru. Kama hujui la kufanya na bango lililochanika, usifanye kitu. Liweke bapa kwenye folda isiyo na asidi au ndani ya plastiki ya poliesta, mbali na jua, maana jua hula nyekundu na njano kwanza, likakuachia Gojira wa buluu. Na msimu wa mvua wa Juni msiuamini hata kidogo. Unyevu wake ni kama wa pwani yetu wakati wa masika, na wadudu wa karatasi wanaupenda.

Siwezi kuondoka bila kumtaja Noriyoshi Ohrai, kwa sababu yeye aliweka jina. Gojira aliporudi mwaka 1984 baada ya miaka tisa ya kimya, bango lilichorwa naye kwa brashi: dubwana katikati ya maghorofa marefu ya Tokyo, na moto. Aliendelea na mabango ya mfululizo uliofuata mpaka la sinema ya 1995, ambamo Gojira anakufa. Aliishi Miyazaki, kusini kabisa, na alifariki 2015. Mabango yake bado yanapatikana kwa bei ambayo mtu wa mshahara anaweza kuimudu akijipanga, na kwangu mimi uchoraji wake haujapitwa. Lile la 1954 siwashauri mlikimbize. Bei yake imekwenda walikokwenda matajiri, na nililo nalo mimi ni kumbukumbu ya kusimama mbele yake. Anzeni na chirashi. Pita kwenye maduka ya vitabu vikuukuu, pita mtaa wa Nipponbashi hapa Osaka, chambua sanduku moja baada ya jingine. Kipeperushi kimoja cha B5 kina mgongo uliochapwa, na mgongo huo una maelezo ya sinema, majina ya watengenezaji, mara nyingine hata jina la ukumbi. Bango kubwa halikupi hayo.

Basi, sogeeni mezani. Nimeyapanga kwa miaka, kutoka mlangoni kuelekea dirishani, na pazia nimelifunga makusudi. Maji na sabuni viko pale kwenye kona. Naweni, kaukeni vizuri, kisha mtu achukue lenzi aanzie na herufi ndogo za chini.